Malori ya Mbeya yapitie wapi?

Dereva anayetoka Dar es Salaam na mzigo wa Kongo hana pa kuikwepea Mbeya. Akifika Uyole, wenzake wa Malawi wanakata kushoto kuelekea Tukuyu na Kasumulu. Yeye ananyoosha kwenda Tunduma, na kunyoosha huko ni kupasua jiji: Sae, Soweto, Mwanjelwa, Mafiati, Nzovwe, Iyunga. Mbele bado kuna mteremko wa Iwambi.

Simama Iwambi nusu saa uone. Semitrela linashuka na kontena la futi 40 mgongoni. Dereva kaingiza gia nzito na kuiachia injini kazi ya kulizuia gari, kwa sababu akitegemea breki peke yake zitachemka kabla hajafika chini. Harufu ya breki inatangulia, lori linafuata. Mbele yake bajaji, nyuma yake Hiace ya abiria wa Mbalizi, pembeni mwanafunzi anatafuta upenyo wa kuvuka. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari la mizigo kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Uzito huo ukikosa breki mteremkoni, cha kuuzuia ni kilichoko mbele yake. Julai 2018 watu wengi walikufa papo hapo katika mteremko huo baada ya lori kugonga magari mengine, na haikuwa mara ya kwanza.

Barabara haikukosewa ilipojengwa. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini, na barabara hii, TANZAM, ikawa jibu. Mji wa Mbeya wa wakati huo ulikuwa umejibanza juu, chini ya mlima Loleza. Barabara ikapita chini yake. Watu ndio walioifuata, wakafungua maduka, gereji, gesti na vibanda vya mama lishe, hadi barabara kuu ya kimataifa ikageuka mtaa wa sokoni.

Serikali imeanza na upanuzi: njia nne kutoka Uyole hadi eneo la uwanja wa ndege wa Songwe, takribani kilomita 29. Foleni itapungua, sina ubishi. Lakini njia nne zinazokatiza Mwanjelwa bado ni lori na mtoto wa shule kwenye lami moja, tofauti ni kwamba sasa mtoto ana njia nne za kuvuka na lori lina nafasi ya kukimbia. Dawa ni ile barabara ya mchepuo ya Uyole–Songwe, yenye karibu kilomita 49, ambayo imekuwa kwenye mipango kwa miaka.

Hapo ndipo kazi ya kuchagua njia inapoanza kuuma. Kaskazini ni safu ya milima. Anayeijua barabara ya kupandisha Chunya anajua huko hakuna lori litakalopelekwa kwa hiari. Inabaki kusini, nako ndiko kwenye mashamba: mahindi, viazi, migomba, kahawa, ardhi nyeusi ya volkano isiyohitaji kubembelezwa. Ukiusogeza mchepuo karibu na mji, utabomoa nyumba. Ukiusogeza mbali, utakata mashamba na kuongeza safari. Tofauti ya sasa ni kama kilomita 20. Lori lililosheheni hula lita 40 hadi 50 kwa kilomita 100, kwa hiyo tunazungumzia lita nane hadi kumi za dizeli kila safari, na dereva anayepewa mafuta ya kupimiwa atazihesabu zote. Bila amri ya kuyazuia malori yasiyo na shughuli mjini, usiku na mchana, mengi yataendelea kupita Mafiati.

Mimi ningechagua mbali. Ushahidi uko Dar es Salaam. Barabara ya Mandela ilijengwa ili mizigo ya bandari ifike barabara ya Morogoro bila kuingia katikati ya jiji. Leo nenda Buguruni au Tabata jioni uniambie katikati ya jiji ni wapi. Barabara iliyotolewa pembeni ilipata makutano, kisha vituo vya daladala, kisha masoko, na malori yakajikuta yamerudi mjini bila kuhama. Dodoma wamejaribu kuwahi: barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Februari 2022, iko mbali na katikati ya jiji. Hata hivyo inapita upande wa Ihumwa na Mtumba, ambako Mji wa Serikali unazidi kupanuka. Wasipolinda kingo zake, nayo itamezwa.

Kuna hoja ya wafanyabiashara, na si ya kupuuzwa. Mama lishe wa Mbalizi anauza wali kwa madereva na utingo. Lori likihama, sufuria lake litapikia nani? Iringa inatoa jibu la nusu. Mji uko juu ya mlima, TANZAM inapita chini, na biashara za malori zimeshuka zenyewe hadi Ipogolo. Biashara hufuata gari, ila huchukua muda, na mwenye mtaji mdogo hana muda. Ndiyo maana maegesho makubwa yenye vyoo, maji, gereji na vibanda yanapaswa kujengwa Uyole na Songwe kabla lori la kwanza halijageuzwa, na vibanda hivyo wapewe kwanza wanaohamishwa.

Reli ya TAZARA ikifufuka kama inavyoahidiwa, itachukua sehemu ya shaba na mbolea. Vizuri. Sidhani itamaliza malori, na hata wakala wa mizigo hadhani hivyo.

Kwa hiyo TANROADS, wakala wa barabara, isisubiri fedha za lami. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa hifadhi ya mita 30 kila upande. Mchepuo unaotazamia miaka 50 unahitaji zaidi ya hapo, pamoja na makutano ya kuhesabika. Nguzo za mpaka ziwekwe sasa, wakati bado kuna mahindi. Alama ya X ya kijani ikipakwa kwenye ukuta wa mkulima, fidia yake ilipwe mwaka huohuo, kwa bei ya ardhi ya mwaka huo. Halmashauri nazo ziache kupima viwanja kandokando ya njia hiyo. Na wewe unayetafuta kiwanja cha bei nafuu kusini mwa Mbeya, uliza kwanza mchepuo unapita wapi kabla hujatoa hela yako.