Kawagoe, mji uliofunzwa na moto

Anayetaka kuiona Tokyo ya zamani hana budi kutoka nje ya Tokyo. Tetemeko la ardhi la 1923 na mabomu ya 1945 viliteketeza sehemu kubwa ya jiji hilo. Pa kwenda ni Kawagoe, mkoani Saitama, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni ya haraka kutoka stesheni ya Ikebukuro. Wajapani huuita mji huo Edo Ndogo, Edo likiwa jina la Tokyo hadi 1868.

Sura ya Kawagoe ya leo imetokana na moto. Mwaka 1893 ziliungua nyumba zaidi ya 1,300, takriban theluthi ya mji. Wafanyabiashara walipokagua kilichosalia, walikuta duka la ukoo wa Osawa, lililojengwa 1792 kwa kuta nene za udongo, bado limesimama. Somo likawaingia. Wakajenga upya kwa mtindo huo huo.

Maduka yao yamepangana barabarani Ichibangai, meusi, yenye mapaa mazito ya vigae. Simama chini ya dirisha mojawapo utazame juu: mbao zake zimekandikwa udongo, na kingo zimefanywa ngazi ngazi, ili likifungwa moto usipate pa kupenya. Jirani na maduka hayo ni Toki no Kane, mnara wa mbao wenye kengele, uliojengwa upya baada ya janga hilo. Ukitaka kuisikia kengele, uwepo saa sita mchana au saa tisa alasiri.

Tumbo likidai haki yake, kuna viazi vitamu, zao ambalo zamani lilisafirishwa kwa mashua hadi Edo. Siku hizi huuzwa vya kukaanga, keki na hata aiskrimu.

Usiondoke bila kufika hekalu la Kita-in. Nalo liliungua, mwaka 1638, na mtawala Tokugawa Iemitsu akaamuru vyumba vya kasri la Edo vihamishiwe hapo. Kasri lenyewe liliteketea baadaye. Vyumba hivyo vingalipo, na unaingia humo baada ya kuvua viatu.

Jumamosi na Jumapili barabara hufurika watu. Mwenye nafasi aende siku ya kazi, asubuhi, kabla maduka hayajajaa.