Alama za Kupima Ukali wa Uvimbe wa Ghafla wa Kongosho

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, nayo hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula pamoja na homoni ya insulini. Vimeng'enya hivyo vikianza kufanya kazi ndani ya tezi yenyewe, kabla ya kufika katika utumbo mdogo, kongosho hujidhuru na kuvimba. Mgonjwa hupata maumivu makali ya tumbo la juu, ambayo mara nyingi hupenya hadi mgongoni. Visababishi vikuu ni mawe ya nyongo na unywaji wa pombe kupita kiasi.

Wagonjwa wengi hupona ndani ya siku chache kwa kupewa maji ya mishipa na dawa za maumivu. Wachache hushindwa kupumua au figo zao huacha kufanya kazi, na baadhi hufariki. Ugumu ni kwamba katika saa za mwanzo makundi haya mawili huweza kufanana. Kiwango cha amilesi au lipesi katika damu husaidia kuthibitisha ugonjwa, lakini hakielezi ukali wake. Ndiyo maana mifumo ya alama ilibuniwa.

Mwaka 1974 daktari wa upasuaji John Ranson na wenzake walitoa vigezo 11: vitano hupimwa mgonjwa anapolazwa na sita katika saa 48 za mwanzo. Vigezo vitatu au zaidi huashiria hatari. Kasoro yake ni kungoja siku mbili. Mfumo wa APACHE II wa mwaka 1985 hutumia vipimo 12 vya mwili, umri na magonjwa sugu. Huweza kurudiwa kila siku, lakini hudai kipimo cha gesi za damu, ambacho hospitali nyingi ndogo hazina.

BISAP, iliyochapishwa mwaka 2008, ni nyepesi zaidi. Ndani ya saa 24 za kwanza, alama moja hutolewa kwa kila jambo lifuatalo: nitrojeni ya urea katika damu inayozidi miligramu 25 kwa desilita, kuchanganyikiwa, umri unaozidi miaka 60, maji kuzunguka mapafu, na dalili mbili au zaidi kati ya nne za mwili kuwaka uvimbe, yaani joto lisilo la kawaida, mapigo ya moyo zaidi ya 90, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, au chembe nyeupe za damu kupanda au kushuka mno.

Mfano ni mama wa miaka 63 anayezungumza vizuri, na picha ya kifua chake ni safi. Mapigo yake ni 112, pumzi 26, na nitrojeni ya urea ni 31. Utulivu wake unadanganya: ana alama tatu, kiwango ambacho hatari ya kifo huongezeka. Anastahili uangalizi wa karibu, na pengine rufaa mapema.

Hata hivyo, alama hukadiria tu. Kwa uainishaji wa Atlanta uliorekebishwa mwaka 2012, ugonjwa huitwa mkali pale kiungo kimoja au zaidi kinaposhindwa kufanya kazi kwa zaidi ya saa 48. Kwa hiyo mwenye alama chache asubuhi apimwe tena jioni: pumzi, mkojo na fahamu zake ndizo zitakazotoa taarifa ya kwanza ya mabadiliko.