Maji Maangavu Si Lazima Yawe Maji Mema

Msafiri atokaye Kitale kwenda Lodwar, akiisha kushuka milima ya Pokot na kupita Kainuk, huingia katika nchi ya joto, migunga na mchanga, na kabla ya kufika Lokichar huikuta Kalemng'orok kando ya barabara kuu. Huko, kama katika miji yote midogo ya Turkana, jambo la kwanza la mgeni si bei ya unga wala nauli ya gari. Huuliza kwanza: maji yako wapi?

Swali hilo ni la haki. Mvua inyeshayo Lodwar kwa mwaka mzima, kwa wastani, haifiki milimita 250, na mito mingi ya nchi hiyo ni laga, yaani mito ya mchanga ambayo hujaa kwa saa chache mvua inyeshapo, kisha hukauka. Kwa hiyo tangu kale Waturkana wamekuwa wakiyatafuta maji chini ya ardhi. Wazee walichimba kwa mikono katika mchanga wa laga, na siku hizi mashine huchimba visima virefu katika mwamba. Lakini liko swali la pili ambalo watu wachache huliuliza: maji hayo, yakiisha kupatikana, ni maji ya namna gani?

MIJI INAKUA

Zamani kisima kilikuwa mahali pa kupita. Wachungaji walinywesha mifugo yao, wakajaza vibuyu, wakaenda zao. Leo mambo yamegeuka. Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana tangu mwaka 2013, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba wakazi wake wamepita 80,000. Kakuma, iliyo kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, ilipokea kambi ya wakimbizi mwaka 1992, na mwaka 2016 yakafunguliwa makazi mengine huko Kalobeyei. Lokichar nayo ilivuta watu wengi baada ya mafuta kuvumbuliwa karibu yake mwaka 2012.

Katika nchi kavu mji huyafuata maji. Kwanza huja kisima na pampu yake. Kisha hujengwa duka, kisha shule, kisha nyumba kumi, kisha nyumba mia. Na kila nyumba huhitaji choo. Kisima kilichokuwa peke yake katikati ya migunga hujikuta baada ya miaka michache kimezungukwa na vyoo vya shimo, mazizi na majalala. Maji yaliyokuwa mema siku ya ufunguzi huenda yasiwe mema tena, na hali kwa macho yangali yale yale: maangavu, baridi na matamu.

MAADUI WATATU

Maji ya ardhini huweza kuwa na maadui watatu, na yafaa kila mtu awafahamu.

Wa kwanza ni chumvi. Huyu si mwerevu sana, kwa kuwa ulimi humtambua. Kanuni za Kenya huruhusu chumvi zilizoyeyuka zisizopita miligramu 1,500 katika lita moja ya maji ya asili ya kunywa. Wataalamu waliochunguza maji ya ardhini ya Lodwar wameona kwamba visima vifupi vilivyo karibu na mto Turkwel huwa na maji mazuri, kwa sababu mto wenyewe, utokao Mlima Elgon, huyajaza upya. Lakini kwenye miamba iliyo mbali na mto maji huwa na chumvi zaidi. Tena kisima kinachovutwa kupita nguvu yake chaweza kuyavuta maji ya chumvi ya jirani hata yakachanganyika na maji matamu.

Adui wa pili ni uchafu wa choo na wa mifugo. Huyu huleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Vijidudu vyake havionekani kwa jicho, wala havina ladha. Pamoja navyo huingia chumvi iitwayo naitreti, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka wa miligramu 50 katika lita moja. Ikizidi hapo huweza kumdhuru mtoto mchanga anyweshwaye maziwa ya chupa, kwa kuwa huizuia damu yake isichukue hewa ipasavyo.

Adui wa tatu ndiye mwenye hila kuliko wote, naye ni floridi. Haiji kutoka chooni wala kwa wanyama, bali hutoka katika mwamba wenyewe. Nchi yote ya Bonde la Ufa, toka Ethiopia hata Tanzania, ina miamba iliyozaliwa na moto wa volkeno, na maji yakaayo muda mrefu ndani ya miamba hiyo huinywa floridi kidogo kidogo. Kiasi kidogo chake huimarisha meno. Mpaka uliowekwa ni miligramu 1.5 katika lita moja. Maji yakipita mpaka huo, meno ya mtoto, ambayo yangali yakiumbwa ndani ya ufizi, huota yakiwa na madoa ya kahawia. Yakipita mno, na mtu akayanywa miaka mingi, mifupa nayo hushikwa, viungo hukakamaa na mgongo hupinda. Katika Turkana vimepatikana visima ambavyo floridi yake imepita mpaka huo. Na katika nchi ya joto kali mtu hunywa maji mengi kwa siku, kwa hiyo humeza floridi nyingi kuliko mtu wa nchi ya baridi anywaye maji ya namna ile ile.

Madoa hayo hayaondoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Maji yakimwagika hayazoleki, na jino likiisha kuota na doa litabaki nalo. Mtoto huficha kinywa chake shuleni, na mzazi hudhani ni uvivu wa kusafisha meno, kumbe ni kisima.

FUNDISHO LA LOTIKIPI

Mwezi wa Septemba mwaka 2013 ilitangazwa Nairobi habari iliyowafurahisha wengi. Kwa kutumia picha za satelaiti na mitambo ya rada, wataalamu walikuwa wamegundua maji mengi chini ya ardhi ya Turkana, katika bonde la Lotikipi na karibu na Lodwar. Maji ya Lotikipi yalikadiriwa kuwa karibu mita za ujazo bilioni 200. Watu walisema kwamba kiu ya kaskazini imekwisha.

Lakini satelaiti huweza kuonyesha mahali panapodhaniwa kuwa na maji, wala haiwezi kuyaonja. Visima vya majaribio vilipochimbwa Lotikipi, na maji yake yakapimwa, ilionekana kwamba yalikuwa na chumvi iliyopita kiasi cha kunywa. Habari hiyo ilijulikana mwaka 2015. Wataalamu hawakuwadanganya watu, ila furaha ilitangulia kipimo. Wingi wa maji ni jambo moja, na wema wa maji ni jambo jingine.

Nchi ya Bangladesh ilijifunza neno hilo kwa uchungu zaidi. Huko watu walikuwa wakifa kwa kunywa maji machafu ya madimbwi, kwa hiyo tangu miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni. Nia ilikuwa njema, na maji yalikuwa maangavu. Lakini hakuna aliyeyapima kutafuta aseniki, sumu itokayo ardhini, hata mwaka 1993 ilipogunduliwa. Wakati huo watu wengi walikuwa wamekwisha kuinywa kwa miaka mingi. Ndipo vilipopimwa visima karibu milioni 5, na pampu zikapakwa rangi: ya kijani kwa maji salama, na nyekundu kwa maji ya hatari. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kufahamu.

JINSI MAJI YANAVYOPIMWA

Kazi ya kupima si uganga, ila yataka uangalifu. Mpimaji huiacha pampu itoe maji kwa dakika kadhaa, ili yaliyolala katika bomba yaishe. Huusafisha mdomo wa bomba kwa moto au kwa dawa. Kisha huikinga chupa iliyochemshwa ikafishwa vijidudu, bila kuugusa mdomo wake kwa kidole, akaandika juu yake jina la kisima, tarehe na saa. Maji ya kupimia floridi hutiwa katika chupa ya plastiki, kwa kuwa kioo huweza kuipunguza floridi na kuharibu hesabu.

Chumvi hupimwa papo hapo kwa chombo kidogo kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita kwa wepesi. Floridi hupimwa kwa kutia dawa nyekundu ambayo hufifia kadiri floridi inavyozidi, na mashine husoma kufifia huko.

Vijidudu ndivyo vyenye taabu. Maji yake yapasa kuwekwa katika barafu na kufikishwa maabara kwa saa chache, kama sita hivi, la sivyo majibu hayaaminiki. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni kilomita kama 700, tena kwa jua kali, kwa hiyo dawa ni kuileta maabara kisimani. Vipo vyombo vinavyochukulika katika sanduku. Mililita 100 za maji huchujwa katika karatasi nyembamba sana. Karatasi hiyo huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, ikatiwa katika kisanduku chenye moto wa nyuzi 44, ikalala humo usiku mmoja. Asubuhi vijidudu vya uchafu wa matumbo, vikiwapo, huonekana kama vidoto vya manjano vya kuhesabika. Kwa maji ya kunywa, hesabu itakiwayo ni sifuri.

Kupima mara moja hakutoshi. Kisima kipya hupimwa kabla mtu yeyote hajajenga karibu nacho. Baada ya hapo chumvi na floridi zapasa kuangaliwa kila mwaka, na vijidudu mara nyingi zaidi, hasa baada ya mvua na mafuriko ya laga, wakati uchafu wa juu unaposukumwa chini.

MAJIBU NI YA NANI?

Hapa ndipo penye shida kubwa. Karatasi ya majibu iliyofungiwa katika kabati haimlindi mtu yeyote. Anayestahili kujua kwanza ni yule mama asimamaye kwenye foleni alfajiri na mtungi wake wa lita 20. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 35 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kwa hiyo kamati ya kisima ikiomba kuonyeshwa majibu haiombi hisani.

Yafaa basi kila kamati iwe na daftari moja, na ndani yake yaandikwe mambo haya: kina cha kisima, siku kilipochimbwa, siku kilipopimwa, chumvi, floridi na vijidudu vilivyoonekana. Karani au mwalimu yeyote wa mjini aweza kulitunza. Na penye pampu kibandikwe kibao, au ipakwe rangi, ili asiyesoma naye ajue.

LA KUFANYA

Majibu yakiwa mabaya, si lazima kisima kifungwe. Kila adui ana silaha yake. Vijidudu huuawa kwa kuyachemsha maji hata yatokote, au kwa klorini iliyopimwa vizuri na kuachwa dakika 30. Vyoo visichimbwe chini ya mita 30 kutoka kisimani, na mifugo inyweshwe mbali kwa birika lake.

Lakini mtu asidanganyike kwamba moto huondoa floridi. Hauiondoi. Tena maji yakipungua kwa kuchemka, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Klorini nayo haiigusi. Floridi hupunguzwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa ustadi, namna ambayo imetumika Nakuru na katika sehemu za Arusha, au kwa shabu na chokaa, kwa njia ya India iitwayo Nalgonda. Chujio hizo nazo huchoka, zataka kupimwa na kubadilishwa mkaa wake. Penye visima viwili, njia rahisi ni kuyagawa maji: yale yenye floridi nyingi yawe ya kufulia na kuogea, na yale mema yawekwe kwa kunywa na kupikia, na watoto walio chini ya miaka minane watangulizwe, kwa maana meno yao ndiyo yanayoumbwa.

Miji ya Kalemng'orok, Lodwar na Kakuma itazidi kukua, na visima vingi zaidi vitachimbwa. Kila siku ya ufunguzi watu watapiga vigelegele maji yarukapo, na ni haki yao kufurahi. Lakini kabla ya mtungi wa kwanza kujazwa, mzee mmoja na asimame aulize mbele ya watu wote: "Maji haya yamepimwa? Na majibu yako wapi?" Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na mifupa ya mtoto ikiisha kupinda hakuna fundi wa kuijenga upya.