Mbwa wa mgeni hotelini: twahara, afya na haki ya mhudumu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyetufundisha twahara ya mwili, ya nguo na ya mahali.

Ndugu msomaji, siku moja alikuja kwangu binti anayefanya kazi ya kutandika vyumba katika hoteli moja ya ufukweni, huku upande wa mashariki wa Unguja. Alikuwa na mstari mwekundu kwenye unyayo, umejipinda kama njia ya siafu, na unamuwasha usiku kiasi cha kukosa usingizi. Jirani alimpaka mafuta ya taa, hayakusaidia. Nilimuandikia dawa. Nilidhani tumemaliza, lakini hakuinuka kitini.

Akaniambia kilichokuwa kinamuumiza zaidi. Hoteli yao ilikuwa imeanza kupokea wageni wenye mbwa, na mbwa hao hulala kitandani pamoja na wenyewe. Yeye ndiye anayekunja mashuka yale na kuyakumbatia hadi kwa dobi. Kwa muda wa mwezi na zaidi alikuwa haswali Adhuhuri wala Alasiri kazini, akidhani nguo zake zote ni najisi, na usiku akirudi nyumbani anazilipa zote kwa pamoja huku amechoka. Alikuwa hajamwambia mtu, si msimamizi wake wala mama yake.

Basi tukiulizana kama hoteli zetu ziruhusu wageni kuja na mbwa, mimi huanza na binti yule, si na mbwa.

Kwanza tuiweke sawa elimu ya dini, kwani wengi wetu tumerithi karaha bila ya kurithi fiqhi yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa wengi wetu pwani hii, mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa naye kwa majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Asili yake ni hadithi ya Abu Hurayra (RA) kuhusu chombo alichokilamba mbwa. Wanachuoni wa Imam Malik wanaona mbwa aliye hai ni twahara, na kuosha chombo ni ibada tunayoifuata kwa utiifu. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wanaona mate yake ni najisi lakini si manyoya yake. Hawa wote ni maimamu wetu. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kutukanana.

Na hapa ndipo nilipomuuliza yule binti: shuka lilikuwa bichi au kavu? Akasema kavu, siku zote. Nikamkumbusha tuliyoyasoma chuoni tukiwa watoto, kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami, na kwamba asili ya nguo yake ni twahara mpaka awe na yakini ya kinyume chake. Nikamwambia aende kwa sheikh wa mtaani kwao athibitishe, kwani mimi ni tabibu tu. Alilia. Mwezi mzima wa swala za dhiki, kwa kukosa mtu mmoja wa kumuuliza!

Lakini si kila siku shuka huwa kavu. Mbwa huogelea baharini na kurudi kitandani, hulamba sakafu, hutapika, na huwekewa chakula katika sahani zile zile za mkahawa. Mhudumu anayeosha sahani ile kwa mikono mitupu, kisha akaichanganya na nyingine kabatini, amewatia mashakani Waislamu wote watakaokula humo. Na mgeni wa kesho si lazima awe Mzungu. Inaweza kuwa ni wewe, msomaji, uliyechukua familia yako siku ya Idi mkapumzike siku mbili pwani, ukatandika mswala juu ya zulia ambalo jana lilikuwa na mbwa aliyetoka majini. Una haki ya kuuliza mapokezi kabla ya kulipa: chumba hiki kililazwa mnyama? Sahani za wanyama ziko mbali? Usione haya. Anayelipa anauliza.

Sasa nije kwenye fani yangu. Ule mstari mwekundu mguuni ni minyoo ya safura ya mbwa na paka. Mnyama akijisaidia mchangani, mayai huanguliwa, na katika mchanga wenye joto, unyevu na kivuli vijidudu vyake huwa tayari kumwingia mtu baada ya wiki moja hivi. Hupenya ngozi ya unyayo, au ya makalio ya mtoto anayecheza chini. Kwa kuwa mwili wa binadamu si makazi yake, hushindwa kuingia ndani na hubaki kutangatanga chini ya ngozi wiki kadhaa, vikichora mistari. Mchanga mkavu wa jua kali haumfai mdudu huyu. Sehemu inayofunikwa na bahari kila siku nayo huoshwa. Hatari iko juu ya mstari wa maji kujaa, chini ya minazi na mivinje, pale ambapo watalii huweka vitanda vyao, na pale ambapo kina mama wa mwani hukaa kivulini kufunga kamba zao. Dawa zipo, ivamektini au albendazoli, na hufanya kazi vizuri. Mafuta ya taa na kuchoma kwa moto huongeza kidonda tu.

Wako pia minyoo wakubwa wa mbwa, ambao mayai yao huingia kwa mtoto kupitia vidole vyenye mchanga. Hawa wanaweza kufika kwenye ini, kwenye mapafu, na mara chache kwenye jicho, wakaharibu uoni. Kinyesi kibichi hakiambukizi hapo hapo, mayai huhitaji kama wiki mbili au zaidi kukomaa, kisha hukaa udongoni hata miaka. Ndiyo maana kukiokota kinyesi siku ile ile ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote ya kumwaga.

Na kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, wengi wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa akaogopa maji na kuweweseka, sisi matabibu hatuna la kufanya isipokuwa kumpunguzia maumivu. Lakini kabla ya dalili, katika wiki au miezi ile ya kimya, chanjo humwokoa.

Ndugu zetu wa Pemba wana somo la kutupa hapa. Kwa kuchanja mbwa kwa wingi, kisiwa kile kilifikia kuondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014. Kisha mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, umeletwa kutoka nje ya kisiwa. Wakaanza upya kuchanja kisiwa kizima, na kufikia Oktoba 2018 maambukizi yakawa yamekatika tena. Tazama basi: kisiwa kimezungukwa na bahari, na bado mbwa mgonjwa alivuka. Hakuogelea. Mtu alimpakia.

Mwenye kusoma mpaka hapa atadhani nitasema mbwa wote wa wageni wafukuzwe bandarini. Nitasema jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha. Mara nyingi mbwa wa mgeni ni salama kuliko mbwa wetu. Anayetoka Ulaya kwa likizo ya wiki mbili ni nadra kuja na mbwa, kwa sababu ili mnyama arudi kwao kutoka nchi kama yetu sheria za Umoja wa Ulaya zinataka awe na alama ya kielektroniki chini ya ngozi, chanjo, na kipimo cha damu kuthibitisha kinga. Wengi wanaokuja nao ni wageni waishio Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, na hao huwa na kitabu cha chanjo. Mbwa anayelala nyuma ya jaa la kijijini, anayekula utumbo wa samaki na kupigwa mawe na watoto wetu wakitoka chuoni, hana kitabu wala mwenyewe. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Je, siku ya chanjo ya bure inapotangazwa, ni wangapi kati yetu humsaidia bwana mifugo kuwakamata hao wa mtaani? Tunaona ni jambo la makafiri.

Na kuwapiga mawe tumekutoa wapi? Aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu yumo katika Bukhari na Muslim. Surat Al-Maida inahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na vijana wa pangoni katika Surat Al-Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni. Mtume (SAW) alikataza kumfuga bila haja na akaruhusu wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mambo haya mawili, kujitenga na najisi na kumhurumia kiumbe, hayapigani. Mbwa anayemwongoza kipofu, kwa mfano, mimi namhesabu katika wa haja, na hoteli ikimkatalia kipofu mlango kwa jina la Uislamu itakuwa imetusemea uongo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Hoteli iliyo katikati ya kijiji cha Waislamu, inayohudumiwa na vijana wa Kiislamu, bora isiruhusu mbwa wa starehe vyumbani. Mgeni ana nyumba yake ya kumlaza mbwa wake, na mhudumu hana kazi nyingine. Lakini Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita mwaka 2023, na najua wako wenye hoteli watakaoruhusu hata tukiandika magazeti mia. Hao tuwaambie masharti tunayoyataka, tena kwa adabu na kwa maandishi, kupitia kwa sheha na kamati ya kijiji.

Cheti cha chanjo kionekane mapokezi kabla ya funguo kutolewa. Viwepo vyumba maalumu, vyenye sakafu ya saruji au marumaru isiyo na zulia. Mwenye mbwa aje na bakuli lake na aoshe mwenyewe. Mbwa asiingie mkahawani, afungwe kamba ufukweni, na kinyesi chake kiokotwe na aliyemleta, si na mtoto wa kijiji kwa shilingi elfu mbili. Na mhudumu aulizwe kabla ya kupangiwa chumba hicho, akikataa asipunguziwe mshahara wala zamu. Anayekubali apewe glavu ndefu na vazi la kazi linalobaki kazini. Hili la mwisho ndilo ambalo mameneja hulisahau, na ndilo lisilogharimu kitu kikubwa.

Kabla sijaweka kalamu chini, kuna jambo nimeliona mara mbili na linanitisha. Mtu ameng'atwa na mbwa, na watu wa nyumbani kwa nia njema wamekanda udongo kwenye jeraha, wakisema ni ile mara moja ya saba. Ndugu zangu, udongo ulioamrishwa ni wa kutwaharisha vyombo na nguo. Udongo kwenye kidonda kibichi unaweza kuleta pepopunda juu ya kichaa cha mbwa. Nimewahi pia kusikia wahadhiri wakidai kuwa udongo una dawa ya kuua virusi vya mbwa. Mimi sina ushahidi wa hilo, na sihitaji. Chombo tunakiosha kwa sababu tumeamrishwa.

Mtu aking'atwa, au akikwaruzwa, au mbwa akimlamba penye mchubuko, mdomoni au machoni, mpeleke bombani. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, utazame saa, kwani dakika kumi na tano ni ndefu mtoto anapolia. Jicho na mdomo suuza kwa maji matupu kwa muda huo huo. Kisha siku ile ile nenda kituo cha afya kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, na urudi kwa kila dozi utakayopangiwa hata kama jeraha limekauka. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kama amelamba ngozi nzima isiyo na mchubuko, hakuna haja ya chanjo: osha, na hapo ndipo zile mara saba na udongo wake zina nafasi yake.

Ama swali la kama mahali palipong'atwa patahesabiwa twahara kwa ajili ya swala wakati kidonda bado hakijapona, muulize sheikh wako baada ya kuchomwa sindano ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.