Je, Wajua? Kupe Huhesabu Ukoo kwa Mama

Je, wajua kwamba kupe anayeng'olewa sikioni mwa ng'ombe wa maziwa kule Rungwe au Mufindi amebeba kumbukumbu za ukoo zenye umri mkubwa kuliko Mlima Rungwe wenyewe? Kumbukumbu hizo zimo ndani ya mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati. Mitokondria zina DNA yao, tofauti na ile ya kiini cha seli: uzi uliofungwa kuwa duara, wenye herufi zipatazo 15,000 na jeni 37. Duara la binadamu lina herufi 16,569 na jeni 37 vilevile. Kwa hesabu hiyo mfugaji na kupe wake wamekaribiana mno, habari ambayo wengi wataipokea shingo upande.

Wahehe na Wanyakyusa huhesabu ukoo kwa baba. Duara la kupe hupita kwa mama tu. Dume hulipokea, asiweze kulirithisha. Watafiti wanalipenda kwa sababu nyingine pia. Kila seli ina nakala zake nyingi, hivyo hata kupe mmoja aliyekaa miaka ndani ya chupa ya spiriti anaweza kusomeka. DNA ya kiini chake ina mabilioni ya herufi, na kuisoma yote ni kazi ya gharama. Na kama kupe alikamatwa akiwa ameshiba, kipimo kinaweza kumtaja hata mnyama aliyenyonywa. Chembe nyekundu za damu ya ng'ombe hazina mitokondria, lakini chembe nyeupe zinazo.

Je, wajua kwamba mpangilio wa jeni hizo nao ni ushahidi? Mwaka 1998, Wamarekani William Black na Richard Roehrdanz walichapisha ulinganisho wa kupe wa kalunguyeye wa Ulaya, Ixodes hexagonus, na kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, yule anayejulikana hata kwetu. Katika wa kwanza, jeni zilipangwa sawasawa na za Limulus, mnyama wa baharini mwenye gamba ambaye ni jamaa wa mbali wa kupe na buibui. Katika wa pili, fungu zima la jeni lilikuwa limehama, mithili ya mkufu uliokatika ukatungwa upya kwa mpangilio mwingine. Mhamo huohuo umeonekana pia kwa kupe wa jenasi za Amblyomma na Hyalomma. Ajali ya namna hiyo ni vigumu kutokea mara mbili kwa namna ileile, kwa hiyo wote wanahesabiwa kuwa wazao wa bibi mmoja. Karibu kupe wote wanaowasumbua ng'ombe wa Mbeya na Iringa ni wa tumbo hilo.

Yuko mmoja asiye wa familia ya kupe hao wote wala ya papasi, yaani kupe laini. Nuttalliella namaqua alielezwa mwaka 1931 na G.A.H. Bedford kutokana na kupe aliyepatikana Namaqualand, Afrika Kusini. Familia yake ina spishi moja tu iliyo hai leo, nayo imewahi kuokotwa hapa Tanzania pia. Hunyonya damu ya mijusi. Mwaka 2012 Ben Mans na wenzake wa Onderstepoort, Afrika Kusini, walichapisha jenomu, yaani duara zima la DNA, ya mitokondria zake, wakakadiria kwamba koo kuu za kupe ziliachana zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kusini mwa bara la kale la Gondwana. Msomaji wa Mbeya anayetaka kuupata ukale huo kwa macho atazame makaa ya mawe ya Kiwira: yamo katika miamba ya Karoo, ya enzi za Permi, kabla ya dinosaria. Makadirio ya tarehe hubadilika kila jenomu mpya inapoongezwa, nami nisingeapa kwa tarakimu yoyote. Mpangilio wa nani alimtangulia nani ndio wenye uzito zaidi.

Ukale ni sehemu moja tu. Duara hilohilo humtambua mgeni. Kupe bluu wa Asia, Rhipicephalus microplus, ameenea Tanzania na mahali pengine amemsukuma pembeni kupe bluu mwenyeji, R. decoloratus. Mgeni huyo huanza na kumaliza maisha yake ya kunyonya juu ya ng'ombe mmoja, kwa muda wa wiki tatu hivi, hivyo ng'ombe anayenunuliwa mnadani humsafirisha bila tiketi. Mwaka 2014 Thomas Burger, Renfu Shao na Stephen Barker walisoma jenomu za mitokondria, wakaona kwamba jina hilo moja, microplus, limeficha zaidi ya spishi moja. Kwa macho tu, hata kwa darubini, hawatofautiani kirahisi.

Hapa lakini pana mtego. Dume la kigeni humpanda jike mwenyeji, na watoto wao huwa tasa. Mtoto wa namna hiyo ana mitokondria za mama, kwa hiyo duara lingemtaja kuwa mwenyeji halisi huku nusu ya jeni za kiini chake ni za Asia. Anayesoma ukoo wa mama peke yake atahesabu wenyeji wengi kuliko waliopo, ndiyo maana maabara makini hupima na jeni za kiini.

Na kupe wa kahawia wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus, mwenezaji wa ndigana kali? Vijidudu vya ugonjwa huo Robert Koch aliviona katika damu ya ng'ombe Dar es Salaam mwaka 1897, akadhani ni ugonjwa mwingine uliojulikana Marekani. Miaka michache baadaye ng'ombe waliopelekwa kwa meli kutoka pwani yetu waliuingiza Rhodesia, na mwaka 1903 Koch akaitwa Bulawayo kuuchunguza. Kupe huyo naye ana koo mbili za mitokondria, moja yenye asili ya Afrika Mashariki na nyingine ya kusini mwa bara. Tofauti yao inamhusu mfugaji moja kwa moja. Kupe wa kusini waliokomaa husubiri mvua ndipo wapande mnyama, kwa hiyo huwa na kizazi kimoja kwa mwaka. Wale wa karibu na ikweta hawasubiri, hunyonya mwaka mzima. Mbeya na Iringa zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na ng'ombe huvuka mpaka wa Zambia na Malawi. Ratiba ya josho inayofaa ukoo mmoja inaweza kuwapa wa ukoo wa pili miezi kadhaa ya kujinafasi, na kwa kumtazama tu sikioni huwezi kujua ni yupi.