Alama 17 kwa Bia ya Wapagazi

Wiki mbili baada ya kutoka TP, mjomba wangu alirudi kutoka London na chupa moja ya Fuller's London Porter, mililita 500, kilevi asilimia 5.4. "Mjomba, hiyo usiigide kama maji," aliniambia. Sikumsikiliza. Mimi na mwenzangu wa chumbani tuliilaza kwenye friji mpaka chupa ikatoa jasho, tukamimina, tukapiga funda mbili na kutoa alama palepale: yeye 14 kati ya 50, mimi 17.

"Mwanangu, hii si Guinness iliyotiwa maji?" alisema. Tukaiacha mezani.

Hamsini hatukuitunga sisi. Ndiyo karatasi ya BJCP, mpango wa Marekani unaofunza waamuzi wa bia: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, picha nzima 10. Rangi tunayoisifia sana bar ina alama tatu tu! Ila kabla ya kugusa alama, mwamuzi huuliza bia iliyo mbele yake ni ya aina gani, kisha anaipima kwa vigezo vya aina hiyo. Sisi tuliruka hapo.

Porter ilizaliwa London miaka ya 1700, ikapata jina kwa wapagazi wa jiji waliokuwa wakiinywa. Stout ndiyo mtoto wake: mwanzo neno hilo lilimaanisha tu porter iliyo kali zaidi. Kwa hiyo mwenzangu alikuwa anamlaumu mzazi kwa kutofanana na mtoto. Guinness ya hapa kwetu ina shayiri iliyochomwa hasa, ndiyo maana inakwaruza kama kahawa isiyo na sukari. Porter ya Kiingereza haitakiwi kuwa hivyo. Kilevi chake ni kama asilimia 4 hadi 5.4, na weusi wake unatoka kwenye kimea kilichokaangwa kwa viwango tofauti. Kimoja kinaitwa kimea cha chokoleti, ingawa hakina kakao hata punje. Jina limetokana na rangi na ladha. Unatafuta ganda la mkate, tofi, chokoleti, na uchungu wa hopsi unaokaa nyuma. Ukionja majivu, au siki, hapo kata alama. Harufu ya karatasi lililolowa nayo ni kosa: bia imezeeka au imepigwa na joto.

Kosa letu lingine lilikuwa baridi. Baridi kali huficha harufu na kuufanya ulimi uzembee. Porter hunywewa ikiwa nyuzi 10 hadi 13 hivi, ambayo kwa Dar si "ya baridi" wala "ya moto".

Saa moja baadaye nikairudia ile glasi. Povu lilikuwa limekufa, kwa hiyo hisia mdomoni sikuihukumu. Nikaiinua kwenye taa: si nyeusi, ni kahawia yenye wekundu pembeni. Nikanusa kwanza, safari hii. Tofi, mkate wa kukaanga, na kwa mbali chokoleti chungu. Bia ileile. Nikaandika 36, na mbili nilizinyima kwa sababu mwishoni niliona ukavu ambao huenda ni wa safari ya sandukuni. Mwenzangu alipanda mpaka 25, akakataa kusogea. Ana haki yake: karatasi haimlazimishi mtu kupenda.

Usingizi haukuja haraka. Kule TP nilimpa binti wa kidato cha pili 6 kati ya 20. Swali lilitaka insha ya masimulizi, naye alisimulia, kwa Kiswahili cha kwao, jinsi bibi yake anavyokausha dagaa. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: "Hoja ziko wapi?" Masimulizi hayadaiwi hoja. Daftari lilisharudi kwake, na mwalimu wa darasa alishaingiza ile sita kwenye ripoti ya muhula. Namba ya mwalimu huyo ninayo. Kesho asubuhi nampigia.