Mita 80 za Utepe Usioonekana

Ndege zinazotua Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, hupita chini sana juu ya mapaa ya Kiembe Samaki, kiasi cha kukatiza mazungumzo barazani. Mashine za kuchonga vyuma kwa amri za namba, ambazo siku hizi huitwa CNC, zilizaliwa kwa ajili ya vyombo kama hivyo. Mmarekani John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, umbo lenye mpindo ambao mkono wa fundi huufuata kwa shida. Mwaka 1949 alipata mkataba wa Jeshi la Anga la Marekani, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine iliyofuata amri zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi.

Utepe huo haujafa, umejificha tu. Fungua kitabu cha mashine ya kampuni ya Fanuc ya miaka ya 1980, utafute ukubwa wa kumbukumbu yake. Hukuti kilobaiti, unakuta mita: 40, 80 na kuendelea. Utepe ulibeba herufi 10 kwa kila inchi, hivyo mita 80 ni kama herufi 32,000. Picha moja ya simu ya mkononi inaweza kuizidi kumbukumbu hiyo mara mia.

Sasa vipi programu iliyoandikwa kwenye kompyuta mpakato ya leo iingie humo? Mashine hiyo haina tundu la USB wala haijui intaneti. Ubavuni ina tundu la pini 25, la kiwango kinachoitwa RS-232, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Kupitia hapo data husafiri biti moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba.

Kwa mtindo huo Unguja si mgeni. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph uliunganisha Aden na Zanzibar chini ya bahari, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Katika nyaya za baharini, nukta na mstari havikutofautishwa kwa urefu bali kwa mwelekeo wa umeme: chanya au hasi. RS-232 nayo inafanya vivyo hivyo. Volti hasi kati ya 3 na 15 ni moja, chanya ni sifuri. Hata kipimo cha kasi, baud, kimetokana na jina la Émile Baudot, fundi wa simu za maandishi wa Ufaransa.

Waya wenyewe unaweza kuchomelewa kwa risasi mezani, ila una mtego mmoja. Kwenye tundu la pini 25, pini ya 2 hutuma na ya 3 hupokea. Kwenye tundu la pini 9 la kompyuta mambo yamegeuzwa: ya 2 hupokea, ya 3 hutuma. Basi 2 huenda kwa 2, 3 kwa 3, na 5 kwa 7, ambayo ndiyo njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Upande wa mashine, pini 4 na 5 huunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na 6, 8 na 20 vilevile, ili mashine iamini kwamba mwenzake yuko tayari. Ukizisahau hizi za mwisho, Fanuc hutoa alamu 086. Na vyombo vyote vizimwe kabla ya kuchomeka waya, maana chipu za mawasiliano huungua kwa urahisi.

Yanayobaki ni makubaliano. Mpangilio uliozoeleka ni kasi ya 4800 au 9600, biti 7 za data, pariti shufwa na biti 2 za kufunga. Pariti ni mlinzi masikini lakini mwaminifu. Tarakimu 1 huandikwa 0110001, yenye moja tatu, kwa hiyo huongezewa moja ya nne. Tarakimu 3 ni 0110011: tofauti yao ni biti moja tu. Mtikisiko wa umeme ukiigeuza biti hiyo njiani, X10.0 ingekuwa X30.0 na kisu kingekwenda milimita 20 kisipotakiwa, pengine hadi kwenye chuma kinachoshikilia kazi. Lakini hesabu ya moja inakuwa witiri, mashine inagoma na kuonyesha alamu 085. Alamu hiyo hiyo hutokea pia kasi za pande mbili zisipolingana. Biti mbili zikigeuka pamoja, mlinzi huyu hana habari.

Mashine ndiyo hutangulia kusubiri. Fundi akibonyeza kitufe cha kupokea, herufi LSK hupepesa pembeni mwa kioo: mashine inaruka kila kitu mpaka mwisho wa mstari wa kwanza, kama vile inaruka kipande kitupu cha mwanzo wa utepe. Ndipo kompyuta hutuma alama ya %, kisha programu. Mashine ikielemewa hutuma herufi ya kusimamisha, na kompyuta isiponyamaza kwa wakati, alamu 087 inajitokeza.

Kuna data nyingine ambayo fundi wa Unguja ana sababu ya kuijali kuliko programu. Desemba 2009 hitilafu ya Fumba, kusini zaidi ya Kiembe Samaki, ilikata umeme utokao bara kupitia chini ya bahari, na kisiwa kikakaa bila huo hadi Machi 2010. Mashine za zamani hutunza vigezo vyake vyote kwa betri: urefu wa mihimili, kasi ya mota, hata mpangilio wa tundu lile la mawasiliano. Betri ikiisha wakati mashine imezimwa, kama katika miezi ile bila umeme, vinafutika. Ndiyo maana betri hubadilishwa mashine ikiwa inawaka, na kabla ya hapo waya ule ule hutumika kinyume, kompyuta ikisubiri na mashine ikituma. Mafundi waangalifu huvichapisha vigezo hivyo na kuvitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mlango wa kabati la umeme, karatasi zisije zikaliwa na unyevu wa bahari.